Paa la hosteli linavuja, tuanzie wapi?

Wadau, niko mwaka wa pili chuo kimoja hapa Dar. Tuko ghorofa ya juu, mvua ikinyesha tu maji yanashuka pembeni ya taa, plasta inabanduka, usiku tunasogeza magodoro katikati. Tumeripoti mara tatu, wanakuja wanapaka rangi wanaondoka. Tufanyeje?

Jibu 1: Pole sana mdogo wangu. Kwanza hiyo taa msiiwashe kabisa, maji na umeme ni hatari. Mimi fundi, rangi haizuii maji ng'o. Paa bapa la zege likivuja mara nyingi mdomo wa bomba la mvua umeziba majani, maji yanatuama juu siku mbili tatu yanapenya kwenye nyufa. Wazibue, wazibe nyufa, ndo waweke wotapruf (ile dawa ya kuzuia maji yasipenye), rangi mwisho. Na wafanye kiangazi, Machi masika ikianza zege halikauki.

Jibu 2: Andikeni barua ipitie serikali ya wanafunzi, nakala yenu igongwe mhuri. Sisi tuliambatanisha picha zenye tarehe, wakaja.

Muulizaji: Asanteni sana kaka zangu, taa tushazima, barua naandika leo leo.