Fundi kalitafuna bomba langu la rangi ya dhahabu kwa spana ya meno, halafu ananiuliza "maji si yanatoka?"

Wakuu, mikono inatetemeka. Ni yule fundi bomba wangu, kila kitu kwake "usiwe na wasiwasi". Leo kanimaliza.

Miezi minne nachagua mabomba. Miezi minne! Nimefika mahali naota koki. Bomba la sinki, shawa, mpaka kifuniko cha tundu la maji sakafuni, vyote rangi ya dhahabu isiyong'aa, vyote vya mtengenezaji mmoja, maana dhahabu ya huyu si dhahabu ya yule. Ukiviweka pamoja kimoja kinaonekana kinaumwa manjano. Na chini ya hiyo rangi nikachukua vya shaba, vizito, ukikishika mkono unashuka wenyewe.

Naingia bafuni namkuta kalibana na spana ya meno. Bila kitambaa! Spana ya kufungia mabomba ya chuma! Nati imetafunwa kama muwa. Ule mpako ni mwembamba kuliko unywele, ukishakwaruzwa hakuna rangi ya kuurudisha. Nimepiga ukelele majirani wakadhani kuna msiba. Yeye kafungua koki, kanitazama: "Maji si yanatoka?"

Maji si yanatoka!

Ningetaka maji yatoke tu, si ningetoboa mpira wa bustani? Angezungushia hata soksi yake! Alama sita za meno, nimezihesabu kwa tochi. Na anafunga begi lake anarudia: "Lakini maji si yanatoka?"

Mzee wa Nati: Pole. Ila nati iko chini, nani atainama kuichungulia?

Mwenye uzi: Mimi! Kila asubuhi!

Koki Moja: Miezi minne kwa bomba? Mke umemchagua kwa muda gani?

Spana Malaya: Mimi ni fundi. Hapo ni spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, na kitambaa, basi. Huyo katuaibisha. Lakini na wewe, kazi inafungwa umekwenda wapi?

Mama Vyombo: Alama sita tu? Langu jeusi limesuguliwa kwa asidi ya choo, sasa lina madoa kama chui.

Kromu Bandia: Afadhali nyie. Mimi niliuziwa "shaba", kumbe zinki iliyopakwa kromu. Shingo imekatikia mkononi. Na msidanganywe na sumaku, haishiki shaba wala zinki. Pimeni uzito.

Mama Vyombo: Wauzaji hao hao! Vigae vyangu boksi moja jeupe, jingine maziwa yaliyochacha.

Mzee wa Nati: Vigae unavumilia. Fundi paa wangu kapigilia misumari kwenye bonde la bati, pale pale maji yanapopita, sebuleni naishi na ndoo.

Mwenye uzi: Jamani, na bomba langu?

Koki Moja: Mzee, hapo kwenye bonde linavuja mvua ikianza au mpaka izidi?

Mzee wa Nati: Hata manyunyu.