Kufuta akaunti kabisa, kuisitisha kwa muda au kuiacha ilale: njia ipi inafaa?

Mama wa Mwaloni

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimeamua kuondoka Facebook, na juu ya uamuzi wenyewe sihitaji ushauri. Ninachoomba ni ulinganisho wa njia za kuondokea, kwa sababu kila ninayemuuliza hapa Kirumba, Mwanza, ana jibu lake. Mmoja ananiambia niifute kabisa, mwingine anasema niisitishe kwa muda ili nikibadili mawazo niikute, na kijana wangu anasema ninyofoe tu programu kwenye simu, akaunti niiache ilale huko huko.

Hali yangu ni hii: nina akaunti binafsi niliyoifungua zamani kwa simu ya vitufe, nina ukurasa wa biashara ya dagaa ambao wateja wa Arusha na Lubumbashi wameuzoea, na nina Instagram ambayo siiangalii sana. Oda zenyewe siku hizi zinakuja WhatsApp, na hiyo siiachi. Kinachonitoa ni muda unaopotea, pamoja na matapeli wanaochukua picha za mzigo wangu na kuzitumia kuwaibia watu.

Fundi Makoroboi

Shikamoo, mama. Njia ya kijana wako ndiyo ninayoiona mara nyingi dukani kwetu, na ndiyo mbaya kuliko zote. Kunyofoa programu ni kuondoka sokoni huku meza na bango la jina lako umeviacha hapo hapo: watu wataendelea kukutafuta, kukutumia ujumbe na kukutaja kwenye picha zao, nawe huoni lolote. Hatari kubwa zaidi iko kwenye laini. Akaunti nyingi za miaka ile zilifunguliwa kwa namba ya simu bila barua pepe, na laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, kisha namba yake hupewa mteja mwingine. Huyo mpya akiomba kubadilisha neno la siri, namba ya uthibitisho inakwenda kwake, na akaunti uliyodhani imelala inaamka ikiwa na mwenyewe mwingine. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua njia yoyote, fungua mipangilio uangalie ni namba gani na barua pepe gani zimeandikwa humo.

Kusitisha kwa muda ni jambo jingine. Wasifu wako unafichwa, hutaonekana kwenye utafutaji, lakini kila kitu kinatunzwa, na Messenger unaweza kuendelea kuitumia ukitaka. Unaweza kukaa hivyo kwa muda mrefu upendavyo. Udhaifu wake ni kwamba akaunti inarudi kirahisi mno: ukiingia tena, au ukiitumia kufungua programu nyingine iliyounganishwa nayo, imekwisha fufuka. Yupo mteja wangu aliyekuwa akiingilia mchezo wa simu kwa akaunti ya Facebook. Alicheza jioni moja, na kesho yake shangazi yake akampigia kumpongeza kwa kurudi mtandaoni.

Kufuta kabisa hakutokei papo hapo. Unaomba, unapewa siku 30 za kughairi, na zikipita hakuna kurudi. Usafishaji wa taarifa zenyewe kwenye mitambo yao unaweza kuchukua hadi siku 90. Messenger inakwenda pamoja na akaunti. Kinachobaki ni ujumbe uliowatumia watu, kwa sababu nakala zake zimo kwenye masanduku yao. Na hapa ndipo ulipo ukurasa wako wa dagaa: kama wewe ndiye msimamizi pekee mwenye mamlaka kamili, nao unafutwa, na hata ukisitisha tu, nao unafichwa. Mpe kwanza mtu mwingine mamlaka kamili, uhakikishe amekubali mwaliko, ndipo uendelee. Instagram haiguswi hata kama imeunganishwa na Facebook kwenye Kituo cha Akaunti, sehemu ya mipangilio inayosimamia akaunti zote mbili; hiyo inafutwa kwa ombi lake yenyewe.

Mimi ningefuta, lakini baada ya kumkabidhi mtu ukurasa.

Binti Nansio

Natofautiana kidogo na Fundi, na sababu yangu haihusu biashara. Kwa familia nyingi za huku Ukerewe, picha za harusi, za mahafali na za misiba hazipo mahali pengine popote isipokuwa kwenye akaunti ya mtu mmoja aliyekuwa na simu nzuri siku hiyo. Mama akifuta akaunti, picha alizoziweka yeye zinaondoka hata kwa ndugu waliokuwa wakizirudia kila mwaka. Kwa hiyo kusitisha, angalau mpaka picha zihamishwe, hakumpotezei kitu.

Ninalisema hili kwa sababu tulilijadili nyumbani alipofariki kaka yangu. Baba alitaka akaunti yake iondolewe, kwa kuwa kila siku yake ya kuzaliwa ilipofika watu wasiojua walikuwa wakiandika «Mungu akupe maisha marefu», na maneno hayo yalikuwa yakimchoma. Mama hakutaka kusikia habari ya kufuta, kwani sauti ya kaka akicheka ilikuwa imebaki kwenye video moja tu, na video hiyo ilikuwa humo. Tuligundua kwamba ipo njia ya tatu ambayo wengi hawaijui: ndugu wanaweza kuomba akaunti ya marehemu igeuzwe kuwa ya kumbukumbu. Baada ya hapo hakuna anayeweza kuiingia, picha na video zinabaki, neno la kumbukumbu linatokea karibu na jina lake, na vikumbusho vya siku ya kuzaliwa vinakoma. Kuomba iondolewe kabisa nako kunawezekana, ila familia hutakiwa kuonyesha uthibitisho kama cheti cha kifo. Baba aliridhika, mama pia.

Anayebaki Facebook anaweza kujiamulia jambo hili mapema, kwa kumteua mtu wa kuitunza akaunti ya kumbukumbu au kwa kuagiza ifutwe akishafariki. Mazungumzo hayo si mazuri mezani, lakini ni bora yafanyike mwenyewe ukiwepo.

Mwalimu wa Malimbe

Mjadala umeegemea Facebook, jambo ambalo ni haki kwa kuwa ndilo swali la mama, ila wasomaji wengine wajue kwamba vitufe vinavyofanana majina havifanyi kazi moja kila mahali. Kwenye X, iliyokuwa ikiitwa Twitter, kusitisha ndiyo hatua ya kwanza ya kufuta: ukipita siku 30 bila kuingia, akaunti inaondolewa, na jina ulilokuwa ukilitumia linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine. Anayedhani anapumzika kwa muhula mmoja atakuta hana akaunti. TikTok ina njia zote mbili, ya kusitisha na ya kufuta, na ya kufuta nayo ina siku zake 30 za kungoja.

Kuna ugumu mwingine unaotuhusu sisi watu wa ziwa. Huwezi kufunga akaunti ya mtandao usiofunguka. X ilifungiwa hapa Tanzania Mei 2025, nayo Facebook ilifungiwa Uganda Januari 2021, wakati wa uchaguzi wao. Matokeo yake ni kwamba mfanyabiashara anayezunguka kati ya Mwanza, Kampala na Kisumu anaweza kujikuta anahitaji kupanga ni mji gani atakaofungia akaunti gani. Watakaofikiria VPN, yaani programu ya kupitia mtandao uliofungiwa, wakumbuke kwamba TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilitangaza Oktoba 2023 kuwa wanaoitumia watoe taarifa kwake. Mimi nimewashauri wanafunzi wangu wasubiri safari, au neno la siri wampe ndugu wa damu aliye nje, si mtu mwingine.

Kuhusu sheria, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume ya kuisimamia na kupokea malalamiko. Kwa kampuni iliyoko California, kama yenye Facebook, kitufe cha kufuta ni cha haraka kuliko barua. Sheria hiyo naiona na manufaa zaidi kwa programu za mikopo za hapa hapa, ambazo mtu huziondoa kwenye simu akidhani amemalizana nazo.

Mama wa Mwaloni

Nawashukuru sana, wanangu, na wewe Mwalimu. Binti Nansio, poleni kwa msiba. Hilo la picha umenigusa, maana za mahari ya binti yangu mkubwa zimo humo tu. Fundi, naomba unijibu jambo moja: nikiifuta, matapeli watakoma?

Fundi Makoroboi

Hapana, mama, na afadhali ulijue kabla. Picha walizokwisha kuzichukua wanazo kwenye simu zao, na akaunti bandia yenye jina lako haifutiki kwa wewe kuondoka. Unaweza kuiripoti kuwa inajifanya wewe, na ipo fomu ya kuripotia hata kwa asiye na akaunti. Lakini fikiria mteja wa Lubumbashi anayetafuta jina lako: akikuta ukurasa wako wa kweli, wenye picha za miaka mingi na maoni ya wanunuzi aliowahi kufanya nao kazi, ana mahali pa kulinganishia. Asipokukuta, atakayemkuta ni tapeli peke yake.

Ndiyo maana nasisitiza ukurasa ubaki mikononi mwa mtu unayemwamini, hata kama wewe binafsi hutaugusa tena. Bandika juu kabisa tangazo lenye namba yako ya WhatsApp, useme wazi kwamba malipo hayapokelewi kwa namba nyingine yoyote. Siku hizi hata mtoto wa darasa la tano anaijua ile «hela tuma kwenye namba hii», ila mnunuzi mwenye haraka ya mzigo husahau.

Kijana wa Buzuruga

Naongeza la WhatsApp, kwa kuwa mama amesema haiachi na wapo wengine watakaosoma hapa wakitaka kuiacha. Huko hakuna siku 30. Ukibonyeza kufuta akaunti imefutika: unatolewa kwenye makundi yote, historia ya mazungumzo kwenye simu inafutwa, pamoja na nakala iliyohifadhiwa Google. Kufungua upya kwa namba ile ile hakukurudishi kwenye kikoba wala kwenye kamati ya harusi. Kama shida yako ni namba tu, tumia sehemu ya kubadilisha namba, kwani inahamisha wasifu na makundi yako.

Jambo dogo la mwisho kwa wasimamizi wa makundi: msimamizi pekee akiondoka, WhatsApp humteua mwanachama mwingine bila kumwuliza mtu. Kwenye kikundi chetu cha bodaboda alipewa kijana ambaye hakuwa hata na wiki. Teua mrithi wako kwanza.

Mama wa Mwaloni

Basi nimepata njia: ukurasa nitampa mdogo wangu wa Igoma, nitapakua picha, kisha nitafuta. Simu yangu imejaa. Naweza kupakulia pale steshenari ninapopiga fotokopi?

Mwalimu wa Malimbe

Mama, hapo hapakufai. Faili hilo lina ujumbe wako, namba za watu na picha za familia, na kompyuta ya steshenari inaguswa na kila anayeingia. Tafuta kompyuta ya mtu wa nyumbani. Unapoomba taarifa zako, chagua picha na ujumbe tu, uweke ubora wa kati ili faili lisimalize bando, na uchague muundo wa HTML, unaofunguka kwenye kivinjari kama tovuti, kwa kuwa ule wa JSON umetengenezwa kwa ajili ya programu za kompyuta na utakusumbua kuusoma. Faili likiwa tayari utapata taarifa, na kiungo cha kulipakua hudumu siku chache tu, kwa hiyo usiagize wiki unayosafiri kwenda mnadani.

Ukishalipakua, lifungue uhakikishe picha za mahari zimo, ulihamishie kwenye flashi, ndipo uwasilishe ombi la kufuta. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi neno la siri, kikatalie, kwa sababu atakayeingia kwa akaunti yako ndani ya zile siku 30 anaweza kulighairi ombi lako wewe ukidhani umekwisha kuondoka.