Mdogo wangu anakwenda kusoma Marekani: sororiti ajiunge au aachane nazo?

Mwana_Makorora

Habari za jioni wana jukwaa. Mdogo wangu wa kike, miaka 19, kapata ufadhili wa chuo kikuu Marekani na anaondoka hapa Tanga Agosti. Ufadhili unalipa ada, bweni na chakula. Fedha ya mfukoni atajitafutia kwa kazi ndogondogo za chuoni. Tangu apokelewe anatumiwa ujumbe na sororiti, yaani vyama vya wasichana vyuoni vyenye majina ya herufi za Kigiriki, vinamwita "dada" hata ndege hajapanda. Yeye kachangamka, mama anaogopa, na mimi natakiwa niseme neno.

Naomba wanaoyajua mambo haya wanisaidie. Vinaingiwaje, gharama yake hasa ni ipi, hatari iko wapi, na kwa mtoto wa Kiislamu asiyekunywa pombe kuna faida gani?

Bi_Chumbageni

Mwanangu, kwanza tenganisha, maana jina moja linafunika vitu vitatu.

Kuna sororiti 26 zilizo chini ya umoja ulioanza 1902. Hizi ndizo zenye majumba makubwa ya kulala wanachama na ndizo zinazotafuta watu mapema, kwa hiyo huenda ndizo zinazomwita dada. Kuna vyama tisa vya Wamarekani Weusi, vitano vya wanaume na vinne vya wanawake, ambavyo utaratibu wake ni mwingine kabisa. Halafu kuna vya taaluma na vya heshima ya masomo, navyo hubeba herufi zilezile. Phi Beta Kappa, kilichoanza mtindo huu wa herufi mwaka 1776 kwenye chuo cha William and Mary, leo ni chama cha waliofaulu vizuri, hakina jumba la kulala wala pilikapilika za usiku. Vya wanaume huitwa fraterniti. Sisi watu wa Tanga hatuhitaji kufundishwa sana: enzi za Black Star na Lucky Star, mtu hakupenda taarabu tu, alikuwa wa chama chake.

Kwa zile 26, uandikishaji mkuu huwa mara nyingi wiki ya kabla ya masomo au wiki za mwanzo za muhula. Msichana anajiandikisha mtandaoni na kulipa kiingilio. Anapangiwa kundi lenye kiongozi, binti ambaye kwa siku hizo ameficha chama chake asije akamvuta mtu. Siku ya kwanza wanazungushwa majumba yote, kila jumba dakika 20 au 30 za maongezi. Baada ya hapo kila upande unachuja: wasichana wanayapanga majumba, majumba yanawapanga wasichana, kompyuta inaoanisha. Raundi ya mwisho kwa kawaida mtu hubakiwa na majumba mawili.

Hapo ndipo pa kukaa macho. Akitoka jumba la mwisho, kachoka, viatu vimembana tangu asubuhi, anafunguliwa fomu kwenye simu au kompyuta. Anaandika jumba la kwanza, anaandika la pili, anatia saini. Karatasi ile wengi huiona orodha ya mapenzi yao, kumbe ni mkataba. Akiliandika jumba la pili kwa kujazia tu, likamchukua, naye akakataa, hawezi kuingia sororiti yoyote ya umoja ule chuoni hapo mpaka uandikishaji mkuu wa mwaka unaofuata. Anaruhusiwa kuandika moja tu. Anaruhusiwa pia kutosaini kabisa. Huelezwa, lakini huelezwa upesi, huku wenzake wanalia na kukumbatiana.

Wanaume mambo yao ni mepesi zaidi: wanatembelea majumba kwa siku kadhaa, barua ya mwaliko inaweza kuja wakati wowote, na kuikataa si kesi.

Mhasibu_Ngamiani

Nizungumzie fedha. Neno "ada" linawadanganya wazazi, wanadhani ni kitu kimoja. Mdogo wako aombe karatasi ya muhula wa kwanza yenye mistari yote: ada ya makao makuu, ada ya kuapishwa (hulipwa mara moja), beji ya kifuani, ada ya tawi, bima, mchango wa jumba kwa wasiolala humo, na chakula. Tawi lisilo na jumba huwa mamia ya dola kwa muhula. Lenye jumba kubwa hufika maelfu, na dola 1,000 ni zaidi ya shilingi milioni mbili zetu. Muhula wa kwanza ndio mzito kuliko yote. Na yapo yasiyoandikwa popote: fulana mpya kwa kila tukio, zawadi za "dada mdogo", nguo ya dhifa, faini ya kukosa mkutano.

Sasa piga hesabu. Mwenye visa ya F-1, ile ya wanafunzi, hafanyi kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na ni kazi za chuoni tu. Kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa. Majimbo mengi yana cha juu zaidi, ila tuanzie chini. Saa 20 mara 7.25 ni dola 145 kwa wiki kabla ya kodi. Ada ya dola 600 basi ni zaidi ya wiki nne za kazi, na hapo hajanunua hata sabuni. Tena hiyo ni akizipata saa zote 20. Akiambiwa afidie ada kwa kupika au kusafisha jumbani, asikubali kabla hajaiuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni, maana kazi isiyo na kibali inaweza kumharibia masomo yote.

Jambo ambalo wengi hawalisomi ni kifungu cha kulala. Matawi mengi humtaka mwanachama ahamie jumbani mwaka wa pili, hasa vitanda visipojaa. Ufadhili wake unalipa bweni la chuo. Je, utalipa na jumba? Mara nyingi jumba linamilikiwa na kampuni ya nyumba ya chama, chuo hakihusiki. Mkataba ni wa mwaka mzima wa masomo. Akijitoa chamani Novemba, kodi inaendelea mpaka Mei.

Mwana_Makorora

Bi Chumbageni, shikamoo. Mhasibu, hilo la kitanda sikuwa nalo kabisa, ahsante sana.

Na yale ya kuonewa wageni, kama njuka wanavyofanyiwa kwenye mabweni ya sekondari zetu, ni ya kweli au ni ya filamu tu?

Raskazone_Tabibu

Ni ya kweli na watu wamekufa, mkuu. Februari 2017 mwanafunzi wa mwaka wa pili jimboni Pennsylvania alinyweshwa pombe nyingi usiku wa kupokelewa, akaanguka ngazi, wenzake wakakaa naye saa nyingi bila kuita msaada. Mwaka uliofuata jimbo hilo likatunga sheria kali zaidi. Vifo vingi vinavyojulikana ni vya upande wa wanaume, lakini msichana asijione salama kwa hilo, kwa sababu wasichana huenda kwenye sherehe za majumba hayohayo.

Usiku wa hatari zaidi ni ule mgeni anapotambulishwa kwa "kaka mkubwa" au "dada mkubwa" wake. Anakabidhiwa chupa ya pombe kali, na anatarajiwa aimalize. Pombe ikiingia nyingi kwa muda mfupi, mtu analala huku tumboni imebaki nyingine, na kiwango kwenye damu kinazidi kupanda akiwa usingizini. Wenzake wanasema "mwacheni alale". Analala chali, anatapika, anapaliwa. Kwa hiyo kumwacha alale ndiko kunakoua. Analazwa ubavu, hakai peke yake, na simu inapigwa 911, namba ya dharura ya huko. Majimbo mengi yana sheria inayomlinda aliyeita msaada asishtakiwe kwa kunywa kabla ya umri, na mdogo wako alijue hilo hata kama yeye hanywi, maana mara nyingi asiyekunywa ndiye mwenye akili timamu chumbani.

Dalili za tawi baya huonekana mapema. Wageni wanaambiwa wasiseme chochote nje. Simu zinakusanywa. Wanatumwa usiku kuendesha gari, kununua vitu, kufua nguo za wakubwa. Wanaamshwa saa nane usiku kwa "mkutano". Moja tu kati ya hayo linatosha kuondoka, na kipindi cha ugeni, ambacho huwa kama wiki sita hadi nane, mtu anaweza kuondoka siku yoyote.

Halafu visa. Umri wa kunywa Marekani ni 21. Mwenzake Mmarekani akikamatwa kwa kuendesha gari amelewa atalipa faini na kwenda mahakamani. Mwanafunzi wa kigeni visa yake inaweza kufutwa hata kabla ya hukumu. Na fomu ya kuomba visa upya inauliza kama umewahi kukamatwa, siyo kuhukumiwa tu.

Uchunguzi anaweza kuufanya akiwa hapohapo Makorora. Desemba 2024 ilisainiwa sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo vinavyopokea misaada ya serikali kuu kutangaza hadharani vyama vilivyokutwa na hatia ya kunyanyasa wageni, na kuongeza taarifa mpya angalau mara mbili kwa mwaka. Aandike kwenye mtandao jina la chuo chake na maneno Campus Hazing Transparency Report. Atakuta jina la tawi, tarehe, kosa, kama pombe ilihusika, na adhabu. Asome adhabu. Tawi lililoonywa mara moja tu si sawa na lililofungiwa miaka mitatu kisha likarudi.

Dada_wa_Pangani_Road

Yote ya Raskazone ni sahihi, lakini kuna upande hamjaugusa, nami sitaki binti afungiwe mlango kwa woga.

Vile vyama tisa vya Weusi vilizaliwa wakati wanafunzi Weusi walipokuwa wakitengwa vyuoni. Alpha Phi Alpha kilianza chuo cha Cornell 1906. Alpha Kappa Alpha, cha kwanza cha wanawake, chuo cha Howard 1908. Delta Sigma Theta, Howard 1913. Martin Luther King Jr. alikuwa Alpha. Kwame Nkrumah, alipokuwa Pennsylvania, aliingia Phi Beta Sigma. Kamala Harris ni wa Alpha Kappa Alpha tangu Howard. Na uanachama hauishi siku ya mahafali: yapo matawi ya waliohitimu, yanakutana, yanachangishana masomo, yanazikana. Huo ni udugu ambao mtu wa pwani anauelewa.

Wanaingiaje? Hakuna kuzungushwa majumba. Tawi likiwa tayari linabandika tangazo la mkutano wa maelezo. Unakwenda umevaa kwa heshima, unafika kabla ya saa, unasikiliza. Kisha maombi: GPA (wastani wa alama) isiyopungua kiwango chao (mara nyingi 2.5 au zaidi), ushahidi wa kujitolea kwenye jamii, barua za kukupendekeza. Wengi hawapokei mtu wa muhula wa kwanza, na matawi mengine hayachukui watu kila mwaka. Ukishaapa kimoja, kingine kati ya hivyo tisa huingii maisha yako yote. Na tuseme kweli: unyanyasaji umewahi kutokea huko pia, mara nyingi wa kupigwa, kwa hiyo ile orodha ya chuo aisome vilevile.

Faida ya kazi ipo. Wanauchumi waliochunguza wahitimu wa chuo kimoja cha kaskazini mashariki ya Marekani walikuta fraterniti imeshusha GPA kwa takribani 0.25 na kupandisha kipato cha baadaye kwa takribani asilimia 36. Ni chuo kimoja, tena ni wanaume, tusiutandaze kwa kila mtu, lakini unaonyesha biashara yenyewe: unatoa alama, unapata watu. Kwa mgeni, watu hao wana thamani kipindi maalumu. Akihitimu anapata miezi 12 ya kufanya kazi kwa fani yake, na akikaa jumla ya siku 90 bila kazi anapoteza ruhusa hiyo. Siku hizo 90, orodha ya simu za waliotangulia ina uzito. Akirudi Tanga baada ya shahada, mwajiri hapa herufi zile hazitamwambia kitu.

Kuhusu dini: kutokunywa si kikwazo kwenye tawi lenye adabu. Aulize mambo matatu. Kiapo kina maneno ya dini? Vyama vingi vikongwe vina mizizi ya Kikristo, na ana haki ya kujibiwa kabla hajaapa. Nyama za jumbani ni za namna gani? Na Ramadhani: mpishi huondoka baada ya chakula cha jioni, kwa hiyo mfungaji lazima aandikishe mapema sahani ya kuwekewa, la sivyo analipia chakula anachokikuta kimeshafungwa. Ilianzishwa pia sororiti ya Kiislamu, Gamma Gamma Chi, mwaka 2005, ila haikuenea vyuo vingi.

Fundi_Chuda

Kwa kifupi upande wa taaluma, maana mimi naona hapo ndipo pa mwaka wa kwanza. Akisoma uhandisi kuna Theta Tau. Biashara kuna Alpha Kappa Psi na Delta Sigma Pi. Kujitolea kuna Alpha Phi Omega. Vyote huchukua wavulana kwa wasichana, havina shinikizo la jumba la kulala, na ada yake kwa kawaida ni ndogo. Chama cha wanafunzi Waislamu, MSA, kipo tangu 1963 na kwenye vyuo vingi futari hupatikana hapo. Chama cha wanafunzi wa Afrika nacho.

Tahadhari: barua pepe za "umechaguliwa kwenye chama cha heshima, lipa dola kadhaa" nyingine ni za kuuza vyeti tu. Akipokea, ampelekee mshauri wake wa masomo aulize kama chuo kinakitambua.

Mwana_Makorora

Nimemsomea yote. Amekubali asiingie muhula wa kwanza, ila hataki kuwakatia moja kwa moja wale wanaomwandikia. Awajibu vipi?

Bi_Chumbageni

Amwandikie mweka hazina wa tawi, siyo yule anayemwita dada. Maneno haya, kwa Kiingereza chake: "Nashukuru kwa kunikumbuka. Nafikiria uandikishaji wa mwaka wa pili. Naomba jedwali la malipo yote ya muhula wa kwanza na wa pili, faini zikiwamo. Kifungu cha mkataba kinachohusu kulala jumbani. Saa za lazima kwa wiki. Na kama mwanachama akijitoa katikati ya muhula anadaiwa nini." Awape siku kumi. Tawi lenye hesabu safi linayo karatasi hiyo tayari, kuituma ni dakika mbili. Likimjibu kwa picha na mioyo bila jedwali, asilipeleke jina hilo kwenye fomu ile ya saini.