Naomba ushauri: kujitolea shule ya viziwi Ujerumani

Habari zenu wakuu. Nina miaka 26, nimesomea elimu maalumu chuo cha ualimu Patandi na sasa nafundisha viziwi Moshi. Natamani kwenda kujitolea mwaka mmoja Ujerumani kupitia weltwärts, mpango wa serikali ya Ujerumani wa vijana kujitolea, maana tangu 2013 wanapokea pia vijana wa huku kwetu. Kijerumani nimefika A2, yaani ngazi ya msingi.

Kinachonikwamisha ni lugha ya alama ya kule. Nimetazama video za walimu wao, hata "maji" sikuitambua, na mimi najiona fundi! Halafu kuna wakala anataka laki nane "za kushikia nafasi". Nimemzungusha kwanza.

Aliyewahi kwenda: alama za kule ulifundishwa ukifika, au ulijifunza kabla? Na hiyo hela, ni halali kweli kulipa kabla ya viza?