Giaboksi imekufa: niikarabati, nitie ya mtumba ama niliuze gari?

MtuWaBarani: Assalam aleikum jamani. Juzi natoka Mombasa na mke na watoto. Sijafika Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke uko mkono wa kushoto, gari likakata nguvu ghafla. Nakanyaga mafuta, haliendi, na lori liko nyuma yangu. Nilipata tu kulitoa pembeni. Baada ya nusu saa likakubali, nikalileta polepole hadi nyumbani. Fundi wa hapa Malindi ataka 55,000 kuifungua giaboksi na kuitengeneza. Mombasa nimeambiwa 75,000 kwa ya mtumba kutoka Japani, na kazi ndani. Shemeji asema niliuze hivyo lilivyo. Nifanyeje?

FundiSabaki: Bwana, hujatwambia kitu. Ni CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, ama otomatiki ya kawaida? Kilomita ngapi? Oili ya giaboksi ilimwagwa lini? Na lilipokata nguvu, mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini, ulipanda au ulishuka? Ukishuka, anza na pampu na chujio la mafuta. Ukipanda na gari haliendi, hapo giaboksi inateleza.

KakaMaweni: Nunua la manyuali, nimeshasema humu mara nyingi. Klachi ikiisha fundi yeyote aifungua.

MtuWaBarani: Samahanini. Ni CVT, injini ya 1500, gari la 2013, kilomita 168,000. Oili sijui, nililinunua kwa mtu mwaka juzi. Mshale ulipanda.

BiGongoni: Mwanangu pole, na mshukuru Mungu watoto wazima. Langu lilinifanyia hivyo karibu na daraja la Kilifi, nampeleka mamangu kliniki. Nikatia ya mtumba. Fundi akaifunga, akanipa mkono, nikalipa zote. Wiki ya tatu, shida ile ile! Kumbe hakuosha kipoza oili wala mipira yake. Chembe za chuma za giaboksi ya kwanza zilikuwa mle ndani, zikarudi zikaiua ya pili. Kumpigia, aniambia garantii ilikuwa ya kuwasha na kuondoka tu. Sikuandikiwa chochote. Mamangu alikosa kliniki mbili kwa sababu ya gari lile, na hilo ndilo laniuma zaidi kuliko pesa.

FundiSabaki: Bi mkubwa asema kweli. CVT ni mkanda wa chuma katikati ya puli mbili, na kinachoubana ni shinikizo la oili. Oili ikichoka na kupata moto, shinikizo lashuka, mkanda wateleza. Ndiyo maana lilipopoa likaenda. Ndugu wa Barani, usilipe mtu yeyote bado. Fungua sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, utazame sumaku inayonasa chembe za chuma. Tope jeusi kidogo ni la kawaida. Ukiona vipande vinavyong'aa, puli zishalika, na hiyo 55,000 utaitupa.

DerevaMokowe: Mimi CVT yangu nilitia ATF, oili ya otomatiki ya kawaida, huu ni mwezi wa nne sasa, naenda Witu na kurudi.

FundiSabaki: Usiwafundishe watu hivyo! Mkanda wa chuma juu ya puli ya chuma wataka oili yake maalumu. Ya kwako yaliwa polepole, hujasikia tu.

DerevaMokowe: Haya, tutaona. Lakini yangu ya kwanza iliharibika kwa kuvutwa na kamba kutoka Garsen, magurudumu yote chini.

FundiSabaki: Injini ikiwa imezimwa, pampu ya oili haizunguki. Magurudumu yanayoendesha yavutwa makavu. Yainuliwe, ama gari libebwe.

KakaMaweni: Manyuali wala huna habari hizo. Waivuta mpaka Lamu.

BiGongoni: Na ukiamua kuuza mwanangu, mwambie mnunuzi ugonjwa wake. Naye ana watoto.

MtuWaBarani: Hilo nimelikubali, bi mkubwa. Jumamosi nafungua sampu, nitaweka picha ya sumaku. Ila sasa naogopa kuliendesha hadi gereji. Nani Malindi ana lori la kubebea gari, na bei yake ni ngapi?

DerevaMokowe: Wewe uko Barani upande gani?