Acheni kuwashauri watu wa Kanada kwa maisha ya Marekani, mtoto wetu kaponea chupuchupu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Wiki mbili zilizopita mtoto wa mdogo wangu alishikwa na homa. Huyu mdogo wangu ni mtoto wa mama mdogo, tumekulia nyumba moja Tanga. Mtoto ana miaka miwili. Wamefika hapa Hamilton, Ontario, mwaka huu huu, na kadi za afya za serikali wanazo mkobani tangu wiki za mwanzo. Mama mtu alinunua kipimajoto famasi, akampima mwanawe, kikasoma 39. Mimi nilikuwa kazini zamu ya usiku, simu sikuiona. Akauliza kwenye kundi la WhatsApp la watu wanaohamia Kanada.

Akajibiwa na mtu aliyeko Ohio, Marekani: 39 ni ndogo dada, huku homa tunaihesabu kuanzia mia, subiri ifike mia. Mwingine wa Texas akaongezea kwamba asithubutu kumpeleka mtoto emajensi, ataletewa bili ya maelfu ya dola.

Ndugu zangu, kipimajoto cha famasi ya Kanada kinasoma Selsiasi. 39 hiyo ukiigeuza kwa Farenhaiti, kipimo cha Marekani, ni 102 na ushee, yaani ile mia mnayoisema ilishapitwa zamani. Na mia ya Selsiasi ni joto la maji yanayotokota jikoni. Mama wa watu kaambiwa akae asubiri mwanawe afike hapo!

Walikaa naye siku mbili. Siku ya tatu nikapita kuwasalimia, nikamkuta mtoto anahema mbavu zinaingia ndani. Tulitoka hapo hapo. Nimonia. Kalazwa usiku tatu, kapewa oksijeni, na leo anacheza, Alhamdulillahi. Bili? Tulionyesha kadi, basi. Hata dawa za kwenda nazo nyumbani zilitoka bure, kwa kuwa Ontario inawalipia walio chini ya miaka 25 wasio na bima binafsi. Siku hizo mbili za kumwangalia mtoto akizidiwa zilitokana na kuogopa deni ambalo halipo.

Nayasema haya kwa sababu pande zote mbili nimeishi. Nimekaa Buffalo, upande wa Marekani, miaka sita kabla ya kuvuka daraja la Peace Bridge kuja huku. Ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari, theluji ni ile ile, watu wanavaa majaketi yale yale na Kiingereza wanasikilizana. Ndiyo maana watu wanadhani ni nchi moja. Ukija kutembea wiki mbili huoni kitu. Ukija kuishi ndipo unajikwaa, na unajikwaa mahali ambapo hukuwa na wazo kwamba pana kitu.

Nikiwa Buffalo niliumwa tumbo nikakaa hospitali kwa muda wa saa nne. Nilihudumiwa haraka na kwa heshima, sitawasingizia. Bili zikaja kwa posta miezi mitatu: ya hospitali, ya daktari peke yake, ya maabara peke yake. Kwa hiyo huyo wa Texas woga wake naujua na hakuutunga. Huku shida ni nyingine. Unaweza kukaa emajensi usiku kucha kabla hujaitwa, kumpata daktari wa familia ni kazi, na mtu mzima dawa za famasi na meno bila mpango wowote wa bima anaumia. Ambulensi Ontario ukiwa na kadi na ukiwa kweli ulihitaji ni dola 45. Na kabla ya hayo yote kuna namba 811, unapiga usiku au mchana, muuguzi anakusikiliza na unaweza kuomba mkalimani. Kwenye kundi lile lenye mamia ya watu hakuna hata mmoja aliyemtajia yule mama namba hiyo.

Vipimo peke yake vinatosha kumpoteza mgeni. Kanada ilianza kutangaza hali ya hewa kwa Selsiasi mwaka 1975 na mabango ya barabarani yakageuzwa kilomita 1977, lakini safari hiyo haikufika mwisho. Jiko la kuokea hapa ninapokaa ni la Farenhaiti. Watu wanajitaja urefu kwa futi na uzito kwa ratili, na nyama dukani inaandikwa bei ya ratili kwa herufi kubwa na ya kilo kwa ndogo. Mwaka 1983 ndege ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu hesabu ilifanywa kwa ratili badala ya kilo, rubani akaishusha bila injini kwenye uwanja wa zamani wa jeshi kule Gimli, Manitoba, na wote wakapona. Kama marubani na mafundi walichanganyikiwa, mama aliyefika juzi mnamlaumu nini?

Kwenye kundi hilo hilo mtu aliwahi kushangilia kwamba petroli Kanada ni dola moja na nusu wakati kwao ni tatu. Hakujua kwamba huku wanauza kwa lita na kwao kwa galoni, ambayo ni karibu lita nne, na dola zenyewe si moja. Watu wakamshukuru. Kuna aliyeandika kwamba atanunua gari kubwa akifika!

Jingine lililoniuma ni la viatu. Mdogo wangu kalelewa na bibi ambaye ukivuka kizingiti na viatu unatafutwa kwa ufagio. Kaambiwa kundini kwamba Wazungu hawavui viatu ndani, asijiaibishe. Siku ya kwanza kwa mwenye nyumba kakanyaga zulia na buti zenye theluji na chumvi ya barabarani. Mwenye nyumba hakusema neno, akatabasamu. Huku karibu kila nyumba niliyoingia viatu vinabaki mlangoni. Buffalo nilikuwa navua wananiambia acha, pita tu. Yaani kijana kalazimishwa kuacha adabu aliyotoka nayo kwao, adabu ambayo ndiyo iliyotakiwa huku!

Na lile tabasamu nalo lina maana yake. Bosi wangu wa Buffalo akichukia unajua dakika hiyo hiyo, jioni anakualika kula nyama ya kuchoma. Bosi wa huku anakwambia wazo lako zuri, tutaliangalia, pole sana kwa usumbufu. Kwetu Tanga ukiambiwa "tutaona, Mungu akipenda" unaelewa umenyimwa, na hapa ni hivyo hivyo. Mdogo wangu alisubiri mwezi mzima kuongezewa masaa ya kazi kwa sababu aliambiwa kundini kwamba hawa ni Wamarekani, ndiyo yao ni ndiyo. Wakamwambia pia asimtamkie mtu "sorry" wakigongana barabarani, eti kakiri kosa. Ontario ina sheria tangu 2009 kwamba kuomba radhi hakutumiki mahakamani kama ushahidi wa kosa kwenye kesi ya madai.

Yuko dada wa Kitchener, hapa hapa Ontario, aliyeambiwa uzazi ni wiki 12 bila malipo, akizidisha kapoteza kazi. Hiyo ni sheria ya Marekani ya 1993. Huku aliyefikisha saa 600 za kazi zenye bima ya ajira analipwa sehemu ya mshahara, na likizo ya uzazi na malezi inafika mwaka hata mwaka na nusu. Alirudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu. Miezi hiyo nani atamrudishia?

Halafu kuna la kuwaambia Wakanada usoni kwamba nyinyi ni Marekani tu. Tangu Trump aanze kuizungumzia Kanada kama jimbo la 51 la Marekani na kuweka ushuru, hilo neno limekuwa tusi. Machi 2025 maduka ya pombe ya serikali ya Ontario yaliondoa pombe za Kimarekani kwenye rafu. Kazini kwangu mgeni mmoja alilitamka wakati wa chakula, kwa nia njema kabisa, meza nzima ikanyamaza. Hadi leo anakula peke yake.

Sisemi walioko Marekani wasitusaidie. Ndugu wa Buffalo ndio walionipokea, nikalala sebuleni kwao miezi minne. Ninachodai ni kila anayemjibu mtu aanze kwa kuandika yuko mji gani, na wasimamizi wa makundi hayo wafute jibu lisilo na mji. Wewe wa Ohio uliyeandika "subiri ifike mia", najua uko humu na unasoma. Ujumbe wako haujafutwa, na kuna akina mama wengine wameuhifadhi. Nenda ukausahihishe leo.