Miaka tisa ya kulipia Lightroom: tuhame, au ndiyo ndoa ya Kikatoliki?

Kamba ya Kamera
Wakuu, habari za usiku. Nilianza kulipia Lightroom, programu ya Adobe ya kupanga na kuhariri picha, mwaka 2016, enzi za dola 9.99 kwa mwezi na Photoshop juu. Jana nimekaa nikapiga hesabu, bora nisingepiga: miaka tisa ni dola 1,078 na ushee, na sina hata kasha tupu la kumwonyesha mke wangu kwamba nilinunua kitu. Januari 2025 Adobe walipandisha. Anayelipa mwezi kwa mwezi akafika 14.99, na ule mpango mdogo wenye hifadhi ya mtandaoni ya GB 20 mteja mpya akawa hauziwi tena. Aliyelipa mwaka mzima kwa mkupuo, bei ya zamani ilibaki. Sasa nani kati yetu ana dola 120 zimetulia kwenye kadi mwezi wa ada za watoto?

Nina picha laki na themanini hivi kwenye katalogi moja, lile daftari la Lightroom linalokumbuka kila picha na marekebisho yake. Naomba majibu ya waliohama kweli, siyo waliotazama video za kuhama. Capture One, DxO, darktable, programu yoyote ile. Baada ya miaka, mnajuta?

Nusu Stopu
Punguza presha mkuu. Ukiacha kulipa hawaji kubeba picha zako. RAW, zile faili ghafi za kamera, ziko kwenye diski yako, Lightroom Classic inafunguka, unatafuta, unapanga, unatoa JPEG. Kinachofungwa ni Develop, sehemu ya kuhariri, na ramani. Nyumba umebaki nayo, wamechukua jiko.

Kijana wa Tandale
Mimi natumia Lightroom 6, ile ya 2015. Nililipa mara moja nikasahau. Nyie endeleeni kupanga, sisi wenye nyumba tumelala.

Nusu Stopu
Nyumba yenyewe ina nyufa. Waliacha kuikarabati tangu 2019.

Kijana wa Tandale
Siyo kweli. Toleo la mwisho ni 6.14, Desemba 2017. Ukitaka kumsimanga mtu, msimange kwa tarehe sahihi. Ramani yake ilizimwa mwishoni mwa 2018, na sijawahi kuihitaji, Mikocheni najua ilipo. Canon yangu inatoa RAW za aina ya CR3, Lightroom 6 haizisomi, basi nazigeuza kwanza kuwa DNG, aina ya RAW inayoisoma, kwa kile kigeuzi cha bure cha Adobe wenyewe. Kompyuta inageuza, mimi nakula chapati.

Fundi Giza
Kamba, mimi nimehama kweli. Lightroom nilikuwa nayo tangu toleo la 3. Darktable nimeingia Desemba 2017 walipotoa 2.4, ya kwanza kukubali Windows.

Nikupe uchungu kwanza. Mwaka wa kwanza nilijuta kila Jumatatu. Kinachohama ni nyota ulizozipa picha, maneno ya kutafutia na marekebisho machache kama kukata kingo. Rangi ulizozihangaikia miaka tisa hazihami, maana kila programu ina hesabu zake. Za wateja walioshalipa nilizitoa JPEG kubwa nikafunga mlango, sikujaribu kuzifufua. Halafu hawa jamaa wanatoa toleo kila Juni na Desemba, na mara nyingine wanabadilisha njia nzima ya kufanya kazi. Filmic, njia yao ya kupanga mwanga na giza la picha, ilipokuja 2018 nikajifunza upya. Sigmoid, njia nyingine ya kazi hiyohiyo, ilipokuja 2022 nikajifunza tena, na mke akaniuliza kama nimerudi shule.

Utamu sasa: silipi kitu, na kila picha ina kifaili chake cha XMP pembeni kinachotunza marekebisho yake. Sitegemei katalogi moja ya kuilaza na kuiamsha kwa dua. Na nimejifunza rangi. Nyinyi wa Lightroom mnanunua priseti, marekebisho yaliyopangwa tayari, mnabofya, kila bi harusi anatoka kama kapakwa mkorogo.

Mama Lenzi
Samahani, KILA bi harusi? Umewahi kuona kazi yangu wewe?

Nina miaka kumi na moja kwenye harusi, priseti ya kununua sina hata moja. Wiki iliyopita nimepiga sendofu kwa ISO 6400, kiwango cha gizani chenye chenga nyingi, ukumbi umewekwa taa za zambarau utadhani tumekaa ndani ya biringanya. Ile Denoise waliyoiweka kwenye Lightroom Aprili 2023 imeniondolea chenga bila kumgeuza bibi wa watu kuwa mdoli wa plastiki. Nimekabidhi kazi Jumanne. Kwa darktable yako ningekuwa bado natafuta kitufe. Halafu unakuja kuniambia mkorogo!

Fundi Giza
Sijakutaja dada. Jiwe nimelirusha gizani, anayelia ndiye lililompata.

Mama Lenzi
Lete hoja, methali waachie walimu. Bi harusi ananijia na selfi kwenye simu, anasema "dada nataka nitoke hivi". Simu yenyewe imeshamng'arisha bila kumuuliza. Nimwambie hapana kwa pesa ya nani? Yako?

Mwana wa Likoni
Jamani hapa pana jambo. Mie juzi nimeletewa albamu ya mpwa wangu. Bwana harusi ametoka mweusi wake, mashallah. Bi harusi uso maji ya kunde, na mkono ulioshika maua mweusi tii. Wallahi ni watu wawili ndani ya gauni moja.

Nusu Stopu
Hahaha. Hilo halihitaji priseti, ni slaida moja tu, kile kitelezi cha kuvuta kwenye programu: mwanga wa rangi ya chungwa. Ngozi za watu, awe wa Rombo au wa Norwei, kwa kompyuta nyingi zinaangukia kwenye chungwa. Ukipandisha mwanga wa chungwa uso unapauka. Mkono ulikuwa kivulini umeguswa na ile taa ya zambarau ya Mama Lenzi, haukuwa chungwa tena, slaida ikaupita. Aliyefanya ile kazi alikuwa na haraka.

Mama Lenzi
Taa ya zambarau ya ukumbi, siyo yangu. Na ile albamu siyo yangu pia, maana naona mnaelekea huko.

Bahari ya Muscat
Salaam kutoka huku kwenye joto. Mie niko na Capture One mwaka wa saba, kazi yangu ni vipodozi na manukato, kamera imefungwa kwa waya kwenye kompyuta, mteja anatazama kila picha inavyoingia. Katika kihariri chake cha rangi pana sehemu ya ngozi: unagusa ngozi ya shingo, halafu unaivuta ya uso isogee kufanana nayo. Kusawazisha, si kuchubua. Lakini Kamba ndugu yangu, usikimbilie kununua leseni ya kudumu ukadhani umetua. Tangu 2023 ukiinunua unabaki na vile ulivyonunua, vipya vikija ni vya wenye usajili. Kwa hivyo umetoka kupanga Kariakoo umekwenda kupanga Masaki.

Kamba ya Kamera
Asante sana Muscat, hili ndilo jibu. Katalogi ya Lightroom uliihamisha vipi? Inaingiza moja kwa moja au ulianza upya?

Mama Lenzi
"Kuchubua". Haya, sasa tumefika kuchubua. Mwanaume anapiga picha za poda Muscat anakuja kunifundisha ngozi.

Bahari ya Muscat
Dada yangu, nimesema si kuchubua. Soma tena.

Mzee wa Negativu
Wanangu, mimi nimesafisha picha kwenye chumba cha giza kabla wengi wenu hamjazaliwa, na huo mkorogo mnaogombania haukuanza na kompyuta.

Studio ya nyeusi na nyeupe, mtu alikuwa anakuja na shati la kuazima anasema, "Mzee nitoe maji ya kunde." Tulikuwa tunajua la kufanya. Karatasi inakaa sekunde chache chini ya taa, sura inatoka nyeupe. Au unakata kikaratasi cha duara, unakifunga kwenye waya, unakinga uso wake tu mwanga usiufikie sana, huku mkono unatikisika kidogo ili mpaka usionekane. Mkono ukichoka, mteja anatoka na taji la malaika kichwani. Walikuwa wanalipa na kuondoka wanacheka.

Filamu ya rangi ilipokuja ikawa kinyume, mtu mweusi anatoka meno na macho. Kodak walikuwa wanasawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mama wa kizungu, wakiiita Shirley. Walipokuja kurekebisha filamu isome kahawia vizuri, waliokuwa wamepiga kelele ni wenye viwanda vya chokoleti na vya samani. Chokoleti na makabati! Kwa hiyo Mama Lenzi usione haya, na wewe Fundi usijione mtume.

Kijana wa Tandale
Shikamoo mzee. Makabati yametutangulia.

Fundi Giza
Shikamoo mzee wangu. Historia naikubali, lakini nyinyi mlikuwa na karatasi na waya. Sisi kamera inatupa RAW ya biti 14, ngazi 16,384 kwa kila rangi, wakati JPEG ina 256. Sehemu kubwa ya faida hiyo unaiona gizani, kwenye nywele, kwenye shavu la mtu mweusi aliyesimama karibu na gauni jeupe. Unapima mwanga kwa gauni lisiungue, halafu uso unaunyanyua taratibu, na rangi yake inakuja ileile. Mtu ana kifaa hicho mkononi, anakitumia kumfuta dada wa watu! Ndicho kinachoniuma.

Mama Lenzi
Hotuba nzuri. Wewe umepiga harusi ngapi?

Fundi Giza
Sipigi harusi. Napiga ndege.

Mama Lenzi
NDEGE! Jamani nimekuwa nabishana na mtu wa ndege tangu asubuhi. Kunguru gani amewahi kukurudishia albamu?

Kijana wa Tandale
Mjadala umefungwa. Zima taa.

Mwana wa Likoni
Na kunguru wetu wa pwani ana shingo ya kijivu, Fundi, usije ukamtoa mweusi wote ukasema ndiyo haki.

Fundi Giza
Ile kijivu ndiyo ngumu kuliko harusi zenu zote. Ina zambarau ndani yake jua la jioni likiipiga, na ukigusa chungwa hata kidogo imekwisha. Nina picha moja ya kunguru pale feri nimeihariri mara nne katika matoleo manne ya darktable.

Nusu Stopu
Mara nne. Na unasema ni bure.

Mbao za Zamani
Mnalipia vitu vyote hivyo wakati kuna sehemu unawekewa iliyokrakiwa kwa elfu kumi na soda juu?

Kijana wa Tandale
Nilishawekewa. Baada ya wiki kompyuta ikaanza kufungua matangazo ya kamari peke yake mbele ya mama mkwe. Ndiyo maana nikanunua 6.

Mama Lenzi
Mzee wa Negativu, shikamoo, samahani sikukuamkia, hasira. Hicho kikaratasi cha duara kwenye waya, unakumbuka kilikuwa na ukubwa gani?

Mzee wa Negativu
Marahaba mwanangu. Kama shilingi ya zamani, kwa picha ya pasipoti. Kwa sura kubwa tulikuwa tunatumia kiganja.

Kamba ya Kamera
Wakuu, nimelipa tena. Mwezi mmoja tu, msinicheke. Jumamosi nina harusi Tanga na siwezi kujifunza filmic ndani ya siku tatu. Tandale, hicho kigeuzi cha DNG nimekishusha, nakijaribu kwa picha mia kwanza. Swali langu la katalogi bado liko palepale, nani aliwahi kuhamisha laki na themanini kwa pamoja?

Mwana wa Likoni
Bi harusi wa Tanga ana rangi gani?

Kamba ya Kamera
Sijamwona bado. Nimeongea na shangazi yake tu.